Mwokaji Aliyeandikwa Kuwa Amefunga

9 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua, na Bibi bado anawagawia watu wote kazi akiwa kitini pake. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, lakini mwenye nyumba ni mpole na maji hutoka karibu kila siku. Mdogo wangu amefaulu mitihani ya mwaka wa kwanza chuoni. Anasema atakuandikia, usimsubiri ukiwa umesimama.

Nimepata kazi ya kudumu, Mjomba. Niko ofisi kuu ya ile kampuni ya maduka makubwa ya bei nafuu, kitengo cha bei. Simu tunaziacha mlangoni kwenye kikapu, ndiyo maana nakuandikia kwa karatasi. Isitoshe, simu yako imejaa unga. Nikikupigia nasikia kama unaongea ukiwa ndani ya gunia, na hatuelewani hata neno.

Kazi yenyewe ni hii. Kila Jumatatu wakaguzi walioko mijini wanatutumia fomu. Ina kisanduku cha bidhaa, cha mshindani wa karibu, cha bei yake, cha punguzo analotarajiwa kutoa, na cha maoni. Mimi nasoma, nahakiki, naingiza kwenye kompyuta, nayo inatoa bei yetu. Jambo la kwanza nililofundishwa ni kwamba fomu haiendi mbele ikiwa na kisanduku kitupu. Msimamizi wangu hapigi kelele. Anakuja tu na kusimama nyuma ya kiti chako, na hapo unasahau hata tarehe ya leo.

Nililokusudia kuandika nimeliacha mwisho kwa makusudi. Mwezi ujao tunafungua tawi kwenu, pale palipokuwa na ghala la mbao, hatua mia mbili kutoka kwenye tanuri lako. Nimeliona kwenye orodha kabla halijatangazwa. Tafadhali usimwambie mtu kwamba nimekuambia. Na tafadhali usinikasirikie. Ada ya mdogo wangu inatoka hapa.

Mimi, binti wa dada yako.


20 Februari

Sisimizi wangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Mgongo unauma kwa heshima, asubuhi tu. Mama watoto ameibiwa kuku wawili na anamshuku kila mtu, mimi nikiwemo. Habari ya Bibi yako inahitaji nafasi yake; subiri.

Hongera kwa kazi. Ndiyo, nimekasirika, lakini hasira zangu zina anwani, na si yako.

Wamefungua duka lao kwa muziki na maputo. Watu wamelibatiza jina Jumba. Mkate wao wanauuza kwa bei ya viberiti viwili. Sisimizi, unga peke yake, kabla haujaguswa na maji, unagharimu zaidi ya hapo. Nimeoka miaka ishirini na sita; unaweza kunidanganya kuhusu siasa na kuhusu mapenzi, lakini si kuhusu mkate. Ukiuzwa hivyo kuna mtu anaumia mahali. Kama si mkulima ni msaga unga, kama si msaga unga ni yule binti wa kaunta anayesimama kutwa nzima bila kiti. Na anayeutia kikapuni anajua, ila amegeuza uso. Mimi siingii mle hata mvua ya mawe inikute mlangoni.

Sasa Bibi yako. Juzi natandika kitanda chake, nikakuta mfuko wa mkate wa Jumba chini ya mto. Mama yangu mzazi. Nilimuuliza, na haya hakuona. Alisema, "Mkate wako mgumu kama wewe. Huu nautafuna bila meno, na wala haunijibu."

Basi nimeamua kupigana. Jumamosi ya tatu ya Machi nitauza mikate miwili kwa bei ya mmoja, kutwa nzima, hasara juu yangu, watu wakumbuke mkate una ladha gani. Nikiitangaza mapema Jumba wataniwahi, kwa hiyo nimemwambia Kipara peke yake, maana baada ya miaka kumi na moja ya kunikandia unga ataona tu magunia yameongezeka. Kipara, na wewe.

Kula vizuri. Usikonde kwa ajili ya matajiri.

Mjomba wako.


9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute salama, na ikukute mapema. Kwangu hakuna jipya. Mdogo wangu anakohoa kidogo, lakini anaendelea na masomo.

Nakuomba uiahirishe hiyo Jumamosi. Sentensi ya sababu nimeiandika mara tatu na nimeifuta mara tatu. Hata wiki mbili tu zingetosha. Mimi sijawahi kukuingilia katika kazi yako, basi nisikilize mara hii moja.

Na kuhusu wanunuzi, sikubaliani nawe. Ghorofa ya chini hapa anakaa mama mwenye watoto wanne, anafua nguo za watu. Kila kitu ananunua kwetu. Nilimuuliza kama hawafikirii wanaoumia ili yeye apate rahisi. Hakuacha kusugua. Alisema, "Mwanangu, mimi nafua kwa bei ya kutupa miaka yote hii, na hakuna mteja aliyewahi kuniuliza kama naumia." Nikapanda ngazi. Wewe ungemjibu nini?

Iahirishe, Mjomba.

Binti wa dada yako.


28 Machi

Sisimizi,

Marahaba. Nyumbani wazima. Barua yako ilifika Jumatatu, siku mbili baada ya hiyo Jumamosi uliyotaka niiahirishe. Posta nao wana utani.

Nitakueleza yaliyotokea. Tuliwasha tanuri mapema kuliko siku yoyote. Saa moja asubuhi meza zimejaa, Kipara ameandika tangazo kwa chaki, nikafungua dirisha. Mtaani hakuna mtu. Wote walikuwa upande wa pili, kwenye mstari, chini ya kitambaa kirefu kilichoandikwa kwamba Jumba leo wanatoa mikate mitatu kwa bei ya mmoja. Leo tu. Siyo jana, siyo wiki ijayo. Kitambaa cha namna hiyo hakishonwi kwa asubuhi moja. Walikuwa wanajua.

Mpaka saa sita nilikuwa nimeuza mikate kumi na tisa. Iliyobaki niliipeleka hospitali, na hata huko mhudumu aliniuliza kama ina kasoro.

Huku aliyejua ni mtu mmoja. Nilimuuliza Kipara mbele ya watu, nikiwa na hasira, na mbele ya watu akasema hapana. Nikamuuliza tena. Akavua aproni yake, akaikunja taratibu kama mtu anayekunja shati la harusi, akaiweka mezani, akaondoka. Hakudai hata siku alizofanya. Miaka kumi na moja, Sisimizi. Mkewe anapita mtaani hapa kila siku, na siku hizi anavuka barabara akinikaribia.

Sasa nakanda mwenyewe. Tanuri linawaka siku tatu kwa wiki. Mgongo usiuulize.

Kuhusu yule mama mfua nguo, nimefikiri siku nne na jibu sina. Hilo nalo limenikera.

Ulijuaje kwamba niahirishe?

Mjomba wako.


5 Mei

Sisimizi,

Wiki tano sijapata hata mstari. Kama unaumwa sema. Kama umeolewa sema pia, tutakasirika pamoja na Bibi.

Kuna jambo la ajabu. Jumatatu hii mkate wa Jumba umepanda bei ghafla mpaka umepita wangu. Jana nimeuza wote kabla ya adhuhuri. Bibi amesema Jumba wamemkosea adabu, na kwa sasa anachovya mkate wangu kwenye chai huku akiutazama kama adui. Watu wananiuliza nimefanya nini. Sijafanya kitu.

Niandikie.

Mjomba.


17 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Msalimie Bibi, msalimie na mkeo. Sisi huku ni wazima. Salamu zangu ni fupi leo kwa sababu nikizirefusha nitapata pa kujificha.

Si Kipara. Ni mimi.

Jumatatu ya kwanza ya Machi fomu ya mji wenu ilikuja nusu. Mkaguzi wenu alikuwa na homa, akaacha wazi kisanduku cha punguzo analotarajiwa kutoa mshindani. Nilikuwa nataka kuirudisha. Msimamizi akaja akasimama nyuma ya kiti changu. Akauliza kwa sauti ya chini fomu hiyo inasubiri nini. Barua yako nilikuwa nayo kwenye mkoba, na wiki nzima nilikuwa nimeirudiarudia kwa sababu ya kile kichekesho cha Bibi. Nikaandika nilichokijua: mikate miwili kwa bei ya mmoja, Jumamosi ya tatu. Mkono uliandika, akili ikafika baadaye. Msimamizi akasema, "Kazi nzuri," na akaondoka. Ilikuwa mara ya kwanza kunisifu tangu nianze. Nami, Mjomba, kwa muda wa kama pumzi moja, nilifurahi. Hilo ndilo linalonitesa kuliko mengine.

Siku tatu baadaye nilikuandikia uiahirishe. Nilitaka uniokoe bila kujua umeniokoa na nini. Kisha ukaandika habari za Kipara, na wiki zote hizo nilinyamaza, huku nikijua kwamba kila siku ninayonyamaza mke wake anavuka barabara.

Kuna jingine. Baada ya Jumamosi ile nilianza kusoma faili za zamani wenzangu wakiwa wameenda kula. Nilichagua miji mitatu ambayo tuna matawi. Kote hadithi ni moja. Tunafika, tunauza mkate chini ya bei ya unga, na mwokaji wa hapo anashuka, nasi tunashuka. Kisha Jumatatu moja kisanduku cha mshindani kinaandikwa neno moja: Amefunga. Baada ya wiki mbili mkate unapanda, unapita bei ya yule mwokaji, na haushuki tena. Hasara tunaifidia kutoka kwa wale wale waliopanga mstari. Nilikuwa najiambia kwamba angalau tunawapunguzia watu makali ya maisha. Yule mama wa chini hapunguziwi kitu, Mjomba. Anakopeshwa mkate na dukani hawamwambii kwamba ni mkopo.

Kwa hiyo tarehe 17 Aprili, kwenye kisanduku chako, niliandika: Amefunga. Ndiyo maana mkate wa Jumba umepanda. Mkaguzi wenu amepona na kila Jumatatu anatuma bei yako, na kila Jumatatu naifuta. Siku wakimtuma mtu wa pili kuhakiki, kazi sina, na ada ya mdogo wangu sijui.

Mwambie Kipara. Tafadhali usimalize chai kabla hujaenda kumwambia.

Mimi, sijui kama bado wako.


31 Mei

Wewe,

Marahaba. Barua niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Chai sikuigusa.

Kipara kwanza. Nilimkuta kwenye ujenzi, anabeba mawe. Niliona kumwomba radhi pembeni ni ujanja, maana sikumwaibisha pembeni. Basi nikawatafuta waliokuwepo siku ile, mmoja mmoja. Ilinichukua siku mbili na wawili walidhani nimeokoka. Nilisema mbele yao kwamba nilimsingizia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema atarudi kwa sharti moja, nisimwite Kipara tena. Sasa namwita Bwana Mkandaji. Anachelewa robo saa kila siku kwa makusudi, nami nakanda peke yangu mpaka afike.

La pili. Nimekukasirikia, na nitaendelea kwa muda, usiniharakishe. Lakini u wangu. Hilo usiliandike tena kwa wasiwasi.

La tatu. Umeniandika nimefunga. Mimi. Niko hapa nachomwa na tanuri, wewe kila Jumatatu unanizika. Watu wamerudi dirishani, nami nikadhani wamekumbuka ladha, kumbe ni karani mmoja anadanganya kwenye fomu. Sitaki. Niandike niko wazi. Bei yao ishuke ikitaka kushuka. Nikianguka nianguke jina langu likiwa limeandikwa sawasawa.

Ila nataka kitu. Yule mama mfua nguo alinifunga mdomo, na jibu lake nimelipata kwenye barua yako. Sina haki ya kumsimanga mtu kwa kilichomo kikapuni mwake, na sitarudia. Nilisema wanunuzi wanajua na wamegeuza uso. Hawajui. Hata mimi mwokaji sikujua. Anayepanga mstari ana haki ya kuambiwa amepangia nini, halafu achague.

Nataka kuisoma barua yako dirishani, mchana, kwa sauti, ile sehemu ya miji mitatu. Bila ruhusa yako sifungui kinywa. Ukikataa naitia tanurini, na hutasikia neno kutoka kwangu leo wala siku nyingine. Bibi yako amesikia yote kutoka kitini. Amesema mtoto asifukuzwe kazi kwa ajili ya mkate mgumu. Nimekuandikia maneno yake ili usiseme nilikuficha upande wa pili.

Fikiri. Usinijibu kwa kuniogopa.

Mjomba wako.


14 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mpe Bibi mkono wangu, na Bwana Mkandaji mpe wa pili, kama ataupokea. Mdogo wangu amepona kikohozi. Nimemweleza kila kitu mwenyewe. Aliniuliza kama wewe unahitaji mtu wa kubeba unga wakati wa likizo. Ada ya muhula ujao hatuna jibu lake, wala sitajifanya tunalo.

Isome.

Usikate sehemu ya miji mitatu peke yake, isome yote. Soma na pale niliposema nilifurahi. Nisipokuwemo itakuwa kama kampuni ilifanya mambo hayo bila mtu, na sivyo. Kila kisanduku kilijazwa na mkono wa mtu aliyekula asubuhi. Na usiniite karani mmoja. Sema ni mpwa wako, karani wa kitengo cha bei, ofisi kuu. Wakiuliza meza ni ipi, ni ya tatu kutoka dirishani.

Juzi Jumatatu niliandika kwenye kisanduku chako: Yuko wazi. Anaoka kila siku. Nikaweka bei yako halisi. Kisha nikazifungua zile fomu nane nilizozipotosha, nikazisahihisha moja moja, na kwenye kisanduku cha maoni cha kila moja nikaandika kwamba karani alidanganya, na kwa nini. Nikatia sahihi yangu kamili, ile ndefu, ya kwenye vyeti.

Kwa hiyo jiandae. Barua hii ikifika, huenda mkate wa Jumba umeshashuka tena, na mstari umerudi kule. Usiwakasirikie. Wasomee tu. Wengine watasikiliza kisha watakwenda kununua huko huko, na watakuwa na sababu zao. Nimemsimulia mama wa chini faili za ile miji mitatu jinsi ninavyozikumbuka. Aliniambia nirudie mji wa pili, kwa sababu ndiko kwa dada yake. Leo asubuhi alikuwa ananunua kwetu kama kawaida, ila alimuuliza binti wa kaunta kwa sauti kubwa kwa nini hana kiti.

 

Msimamizi ameniita saa nane, pamoja na mtu wa ngazi ya juu ambaye sijawahi kumwona, nieleze hizo fomu. Sasa ni saa saba na nusu. Ofisi nzima wamekwenda kula, na nadhani wameshajua, maana hakuna aliyenialika. Bahasha nimeshaiandika anwani. Sanduku la posta liko ng'ambo ya barabara, naanzia huko.

Mpwa wako.